Picha ya Anga Tupu

Ndugu zangu, kulikuwa na dada mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutazama nyota zenye mkia. Msicheke. Wako watu wanaoamka asubuhi, wanakunywa chai, wanakwenda kazini kutazama nyota, tena mchana kweupe. Na dada huyu aliipenda kazi yake kuliko baadhi yetu tunavyozipenda zetu.

Nyota yenye mkia, kwa asiyejua, ni bonge la barafu na vumbi linalotoka mbali sana. Likikaribia jua linapata joto, barafu inageuka gesi, gesi inatoka na vumbi lake, na vumbi hilo linatanda. Darubini ya dada huyu haikutafuta mwanga huu wa macho yetu. Ilitafuta joto. Ndiyo maana mchana haukumzuia. Vumbi likishapashwa na jua, darubini inalitambua, kama unavyojua jikoni kwamba moto bado upo chini ya majivu.

Lakini kuna shida. Kila kitu kina joto. Anga ina joto, mlima una joto, hata darubini yenyewe ina joto. Utajuaje lipi la nyota na lipi la mengine? Wanafanya hivi: wanapiga picha ya nyota, kisha wanageuza darubini pembeni kidogo, mahali patupu, wanapiga picha nyingine. Halafu ile ya patupu wanaitoa kwenye ile ya nyota. Kinachobaki ndicho cha nyota. Ninyi wauza asali mnalijua hili. Unapima debe tupu kwanza, ndipo unapima debe lenye asali. Mnanifuata?

Siku hiyo dada yetu alikuwa amepewa asubuhi moja tu. Adhuhuri wengine walikuwa wanaingia na kazi yao. Na nyota ile, ikishapita, hataiona tena, wala wajukuu wake hawataiona. Masomo yake yote yalikuwa yanaingojea asubuhi ile.

Akapiga picha, akatoa patupu. Akaona nini? Kitone. Kitone hafifu, ungedhani ni uchafu wa kioo.

Kando yake alikuwapo mwalimu wake, mzee aliyemfundisha kazi. Akamwekea mkono begani.

"Pole, mwanangu. Imekauka. Haina vumbi, haina gesi. Nyota hizi nazo hufa."

"Mwalimu, imekaribia jua namna hii, itakaukaje?"

"Mimi nasema ninachokiona. Andika kwamba imekufa, tukusanye vitu vyetu tuwapishe wenzetu."

Dada akalia. Mnalijua chozi la mtu aliyesubiri kitu muda mrefu, kikafika, akafungua na kukuta hamna? Alilia hilo. Lakini kabla ya kuandika neno "imekufa", akaziweka zile picha mbili pamoja, bila kutoa chochote, akazitazama.

"Mwalimu, njoo uone. Hii ya patupu ina joto karibu sawa na ile ya nyota."

"Si ndivyo anga ilivyo?"

"Na kama hapa tulipopaita patupu si patupu?"

Mzee akazisogelea zile picha. Dada akaigeuza darubini mbali, mbali kabisa na nyota, akapiga picha nyingine ya anga, akaitoa hiyo. Ndugu zangu! Vumbi likajaa picha nzima. Wingu la gesi na vumbi lilikuwa limefika hadi pale pembeni, likapita, likaendelea. Nyota ilikuwa hai, tena kubwa kuliko walivyofikiri. Pale walipopaita patupu walikuwa bado wamo ndani yake, na kila walipotoa patupu, walikuwa wanaitoa nyota yenyewe. Debe walilolipima kama tupu lilikuwa na asali hadi mdomoni.

Mzee akavua miwani. "Nilitaka uizike ikiwa hai," akasema.

Naye dada, kicheko na chozi kwa pamoja, akasema, "Asante, Mungu wangu. Asante! Mwalimu, shika hapa tuendelee, muda bado upo."

Sasa sisi. Asubuhi hii mzee wa kanisa aliuliza nani ana neno la shukrani. Kanisa lote hili, kimya. Mwingine akaanza kutafuta kitabu cha nyimbo alichokuwa amekishika mkononi. Kwa nini? Kwa sababu tumeshapiga hesabu zetu. Tumeyachukua maisha, tukatoa kawaida, tukaona hakuna kilichobaki. "Mchungaji, kwangu mwaka huu hakuna jipya, mambo ni ya kawaida tu."

Kawaida! Umevuta pumzi usingizini bila kuikumbuka: ukaiita kawaida, ukaitoa. Mtoto amekusumbua asubuhi akitafuta soksi yake: ukamtoa. Mboga ilikuwa na chumvi, simu haikuleta msiba, miguu imekufikisha hapa. Yote ukayatoa. Umemtoa Mungu mwenyewe, halafu unauliza mbona haonekani! Mimi nawaambia, nikianza kuyarudisha niliyoyatoa, moyo wangu unajaa hadi nashindwa kuhubiri.

Yupo mama hapa kati yetu, na amenipa ruhusa niseme. Mumewe mnamkumbuka. Alikuwa akiimba kwa nguvu zote, kwaya huku, yeye kule, nasi tukicheka chini chini. Tulimzika baada ya Pasaka. Juzi nilikwenda kumsalimu mama, nikamuuliza ni nini kinachomjia zaidi moyoni. Hakutaja harusi yao. Hakutaja nyumba waliyojenga. Alisema, "Mchungaji, natamani nimkanyage mguu tena, nimwambie apunguze sauti."

Basi. Wewe ambaye leo umekaa na mtu wa kumwambia apunguze sauti, simama ushukuru.