Kelele za Ukutani kwa Jirani

Bi Otilia alipohamia mjini Sumbawanga kutoka Kasense, kelele iliyomkera ilikuwa moja tu: mashine ya kusaga ya jirani yake, Mzee Anyelwisye, mfanyabiashara aliyetoka Mbeya. Tangu asubuhi ilinguruma kama simba mwenye njaa. Bi Otilia, mwenye ulimi mkali kama wembe, alilalamika kwa mtendaji wa mtaa mpaka povu likamtoka.

"Mtu gani huyu asiye na utu!" alimtukana mzee wa watu mbele ya kadamnasi.

Anyelwisye aliihamishia mashine pembezoni mwa mji, na kina mama wakaanza kujitwika mahindi na ulezi hadi huko.

Miaka ikasonga, na malalamiko ya mtaa yakabadilika. Watu walilalamikia muziki wa baa, kisha spika za mikutano ya injili, kisha bodaboda zilizotobolewa ekzosi. Katika kila shauri Bi Otilia alikuwa mstari wa mbele. Hatimaye ikawa zamu ya karakana ya kuchomelea mageti, iliyokwaruza chuma kutwa kucha. Hapo Bi Otilia akafyata ulimi. Karakana ilikuwa ya mwanawe Felisian, aliyesota muda mrefu bila kazi, na sasa ndiyo iliyowalisha wote nyumbani.

Mkutano wa mtaa ukaitwa. Wengi walitaka karakana ifungwe. Mtendaji akamgeukia Anyelwisye.

"Mzee, ukuta wako ndio uliopakana nayo. Unasemaje?"

Bi Otilia akainamisha kichwa. Alijua angekuwa yeye, asingesamehe.

"Chuma kinaumiza masikio," Anyelwisye alisema taratibu, "lakini njaa inaumiza zaidi. Kijana afanye kazi. Ila jua likizama azime, na Jumapili atuache tusali."

Watu wakacheka, wakakubali. Bi Otilia akamkimbilia Anyelwisye nje, machozi yakimlengalenga.

"Baba Precious, nisamehe. Nilikuvunjia heshima, nawe leo umenisitiri."

"Yamekwisha, Mama Felisian. Mwambie kijana aje aone geti langu, limelegea bawaba."

Kesho yake Felisian alifungua karakana mapema, akiimba. Bi Otilia alimpelekea jirani yake kikapu cha maharage mabichi, na tangu siku hiyo hakumsema mtu vibaya kwa mtendaji. Ama kweli, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.