Mifupa Tisa ya Tutasema

Mfupa wa kunyamazisha ndio ufukuao kaburi.

Neno hilo mlilisikia jana mkutanoni, mlipokuwa mnagawiwa fulana na soda na wale waliokuja kutuambia kwamba kisima chetu hakina ubaya wowote. Bibi mmoja akalitupa kutoka nyuma, nanyi mkacheka, chupa mdomoni. Leo mnaniuliza limetoka wapi. Halikudondoka toka mbinguni, wajukuu zangu. Lilitoka shamba la mkonge la Kwamgoda, kambi namba tatu, enzi za manamba, wale vibarua wa mkataba, na mwanzo wake ulikuwa huu.

Kambini hapo aliishi mwanamke aitwaye Wande. Alikuja kwa treni kutoka Unyamwezi akimfuata mumewe, Mayunga, mkataji wa mkonge. Mayunga alikuwa na mikono iliyochomwa na miiba hadi ikaota sugu, na mdomo usiojua kufuli. Alikuwa pia na mbwa mdogo wa rangi ya majivu, mdogo kiasi kwamba jogoo akimkasirikia alikimbilia uvunguni. Akamwita Tutasema.

"Mayunga," watu walimtania, "hilo jina la mbwa au la kesi?"

"La mbwa. Kesi hamna ubavu nayo," akawajibu.

Masika ya mwaka huo watoto wa kambi walianza kuharisha na kufa. Maji ya kunywa yalichotwa mfereji uliopita chini ya kiwanda, pale mtambo ulipokamulia majani ya mkonge na kutema maji ya kijani yenye kuwasha. Walipozikwa watoto watatu katika juma moja, Mayunga alitoka mstarini asubuhi, majina yakiitwa, akasimama mbele ya nyapara mkuu, Kibwana.

"Nyapara, maji haya wewe mwenyewe huyanywi. Jumatatu nakwenda wilayani kwa miguu, na chupa yake mkononi. Wakitaka wayaonje."

Jumatatu hakuonekana. Kibwana alikuja mwenyewe hadi mlangoni kwa Wande, kofia kifuani.

"Ametoroka na mwanamke wa Muheza," alisema. "Wanaume ndivyo tulivyo, mama. Usijiumize."

Wande hakulia. Angeliaje? Maiti huliliwa, mtoro hutukanwa, naye hakujua kinywa chake akifungulie lipi. Alilala kwenye nusu ya kitanda miezi mitano. Hakunyoa nywele, hakuzisuka. Kisha shemeji yake akatuma salamu kwamba mwisho wa mwezi anakuja kumchukua. Wande alijua maana yake. Akirudi kwao hivi, ataingia kama mke aliyeachwa, na jina la Mayunga halitatajwa tena kwenye tambiko la ukoo, kwa kuwa mtoro hatambikiwi. Alitaka kitu kimoja tu: aambiwe asubiri au aomboleze.

Wa kumwambia walikuwapo. Sitawaficheni hilo. Walikuwapo watu walioona taa ikipita usiku wa kuamkia Jumatatu ile, na waliosikia purukushani. Kila Jumamosi waligawiwa nyama, na tangu Mayunga apotee kipimo cha nyama hiyo kiliongezwa. Walitafuna, wakainama.

Asiyeinama alikuwa Tutasema.

Kila asubuhi wakataji mia mbili wakisimama mstarini, mbwa huyo alipita miguuni mwa wote kimya, akinusa kisigino hiki na kile, mpaka afike kwa Kibwana. Hapo hukita miguu yake minne, akabweka. Hakusogea mbele, hakurudi nyuma, macho kayakaza kwenye buti za nyapara. Kibwana akiondoka, naye hunyamaza, kama mtu aliyemaliza kusoma barua. Halafu jua likipanda Wande humwita aje kula: "Tutasema! Tutasema, we!" Sauti ikapita vibanda vyote, na wanawake waliokuwa wakitwanga wakaacha michi hewani.

Siku moja Kibwana alimngoja njiani, wakataji wakipita. "Mama, mbwa huyu mbadilishe jina."

"Nimwiteje, nyapara?"

"Lolote. Mwite Simba."

"Simba gani huyu, nyapara, naye anapigwa na jogoo?"

Wakataji wakacheka. Kibwana akacheka nao, kwa meno tu.

Kumwua mbwa aliogopa. Mbwa akifa watu watauliza alikuwa anasema nini. Ndipo akaona amlishe. Kesho yake, majina yalipokwisha kuitwa, Mzee Shekue, mchinjaji wa kambi, alikuja na mfupa mbichi wa paja la ng'ombe, bado una damu kwenye vifundo. Akautupa. Tutasema aliunusa, akaudaka, akainua kichwa kwa taabu. Mfupa ulikuwa karibu na urefu wake. Hakuweza kubweka, maana kinywa kilikuwa kimejaa. Akaondoka nao akiyumba kama mlevi aliyebeba gogo, kambi nzima ikavunjika mbavu kwa kicheko.

Siku zilizofuata akapewa mwingine, na mwingine. Na kwa Wande nako kukawa kunaletwa kifurushi cha majani ya mgomba: mnofu mtupu, usio na mshipa. "Mifupa ya mbwa, mnofu wako," mletaji alisema. Siku ya kwanza Wande aliupika, akaula peke yake, mlango umefungwa. Ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililomtesa hata uzeeni, kwamba ulikuwa mtamu.

Asubuhi zikawa kimya. Kibwana akapita mbele ya mstari akipiga fimbo kwenye buti, na Tutasema akangoja mfupa wake, mkia ukicheza. Wande alimtazama, moyo ukamkauka. "Hata wewe?" akamwambia. "Hata wewe wamekununua?" Mbwa alimlamba mkono. Pua yake ilikuwa na udongo.

Udongo ule ulikuwa mweusi, wenye unyevu.

Wande aliusugua kwa kidole. Kilikuwa kiangazi. Ardhi ya Kwamgoda ilikuwa nyeupe na ngumu kama chungu kilichochomwa. Jembe likiipiga lilitoa cheche. Kambi nzima hapakuwa na udongo wa namna ile. Akatazama uvunguni, akatazama nyuma ya kibanda na jalalani. Hakuona mfupa hata mmoja. Akaenda kwa Shekue.

"Baba, mbwa wangu umempa mifupa mingapi?"

Shekue aliendelea kunoa kisu. "Wa leo ni wa tisa."

"Mbona mibichi? Unajua hawezi kuivunja."

"Ndiyo maana." Kisu kikasimama. "Uliopikwa angeumaliza mara moja, akarudi kubweka. Mbichi unamshinda, lakini hauachi. Nimeambiwa nimpe wa kumshughulisha mpaka wewe uchukuliwe."

"Umeambiwa na nani?"

Shekue aligeuza kisu upande wa pili. Akarudia kunoa.

Mchana ule, jua likiwa utosini na kila kitu kimemeza kivuli chake, Wande alimfuata mbwa. Tutasema alikuwa na mfupa wa tisa kinywani. Alipita kiwanda, akavuka reli ndogo, akaingia shamba kuukuu, lile lililoachwa life baada ya mikonge yake kuchanua. Milingoti mikavu ya maua yake ilisimama mistari kwa mistari mpaka macho yalipochoka. Upepo haukuwapo, lakini milingoti ilikuwa inalia, kidogokidogo, kama watu wanaoongea wamefunika midomo. Wande alitaka kurudi. Mbwa akageuka, akamtazama, akamsubiri.

Wakafika mahali palipokuwa na mkonge mmoja mchanga, kijani kibichi katikati ya ukavu wote ule. Wande alikuwa mke wa mkataji; aliona kosa kabla ya kujua anaona nini. Mkonge ule ulipandwa njiani, kwenye ujia wa kupitia wakataji na mizigo. Mkataji hawezi kupanda hapo hata akiwa amelewa. Hapo hupanda mtu aliyesahau kazi, aliyezoea kutembea na fimbo.

Tutasema akaweka mfupa chini, akaanza kufukua. Udongo ulimpokea, laini na mweusi. Wande alipiga magoti kando yake akaingiza mikono. Akatoa mfupa, akaupangusa, akauweka kwenye kanga. Akatoa wa pili. Akahesabu kwa sauti, maana milingoti ilimtisha. Pamoja na ule uliokuwa bado na damu, tisa.

Mkono ukagusa mwingine.

Aliutoa, akaupangusa kama ile mingine. Ulikuwa mwembamba kuliko yote, wa rangi ya chai, na haukuwa na jino la mbwa hata mahali pamoja. Tutasema alilala kifudifudi mbele yake, masikio kayalaza, wala hakuunusa.

Wande hakupiga yowe. Angepiga, wangemwita mwendawazimu kabla jua halijatua, na mkonge ungehamishwa. Alifunga kanga, akarudi kambini. Ilikuwa Jumamosi. Watu walikuwa kwenye foleni ya nyama, sahani mikononi, na Kibwana kasimama kando ya meza ya Shekue akisimamia kipimo.

Wande alipita foleni yote.

"Mama, panga mstari kama wenzako," Kibwana alisema.

Akafungua kanga mezani, mifupa ikabingirika kati ya maini na mbavu.

"Mzee Shekue," akasema, "miaka ishirini unachinja. Unajua mifupa kuliko sote. Nimekuletea yako. Ipokee, mmoja mmoja."

"Mwanamke huyu kapata wazimu," Kibwana alisema. "Mtoeni."

Hakuna aliyetoka mstarini. Shekue aliufuta mkono wake kwenye aproni. Akachukua wa kwanza. "Huu wangu. Wa ng'ombe." Akauweka pembeni. "Huu wangu. Huu wangu." Watu wa nyuma wakasogea kuona. Akafika wa tisa. "Huu nimeutoa leo asubuhi."

Ukabaki mmoja. Aliuinua, akaugeuza kwenye mwanga, kisha akaurudisha polepole sana, kama mtu anayelaza mtoto.

"Huu," akasema, "sikuutoa mimi."

"Ng'ombe ana mifupa mingi, mzee," Kibwana alisema.

"Nyapara, mimi ni mchinjaji. Huu ni wa mkono."

Sahani moja ilianguka, kisha nyingine. Kibwana alitaka kupita, na watu hawakumshika wala kumpiga. Walisimama tu, wakataji mia mbili, bega kwa bega, kama mistari ya mkonge, na njia haikuwapo. Wengine walimfuata Wande na majembe. Chini ya mkonge ule walimkuta Mayunga amefungwa kamba za kiwanda, katambuga zake miguuni, na pembeni yake chupa, kizibo kimekazwa, maji ya kijani ndani.

Hapo Wande alilia. Alilia kilio cha miezi mitano mara moja, na kambi ikalia naye, hata wale walioona taa usiku ule wakanyamaza. Hao walilia kuliko wote.

Kibwana alichukuliwa na gari la wilaya. Aliyemtuma hakuchukuliwa, na jina lake hamtalikuta kwenye karatasi yoyote. Juma lile nyumba ya mwenye shamba, ile ya juu kilimani, ilileta ng'ombe mzima, eti wa matanga. Shekue alikataa kunoa kisu. Ng'ombe alizurura kambini siku tatu bila mtu kumgusa, na kuanzia siku ya nne hakuna aliyekwenda kukata mkonge mpaka bomba la maji lilipoletwa.

Mwisho wa mwezi shemeji alishuka kwenye treni akiwa tayari na maneno makali ya kumtukana ndugu yake. Alimkuta Wande amenyoa, ameketi kwenye jamvi na wanawake wa kambi. Aliposimuliwa yote, alikaa chini.

"Nani alimpata?" akauliza. "Mtu ardhini miezi mitano, na wote mmenyamaza. Nani alisema?"

Watu walitazamana. Aliyejibu ni Shekue, na alijibu bila kuinua uso, kwa kuwa alikuwa akijisema mwenyewe:

"Hakusema mtu, bwana. Mfupa wa kunyamazisha ndio uliofukua kaburi."