Nungunungu na Zeze la Kumtoa Mwali

Paukwa!

*Pakawa!*

Nimesikia midomo ya mbele tu. Ninyi wa kule nyuma mmefungwa na nini, ugali? Paukwa!

*Pakawa!*

Haya. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana hadithi yangu haipendi kukatizwa.

Hapo zamani za kale, kabla mbuni hajagundua kwamba hawezi kuruka, aliondokea Nungunungu mmoja wa kike. Alikuwa na vitu viwili tu duniani: zeze la marehemu mama yake, na mdogo wake, ambaye alikuwa amewekwa ndani ng'ambo ya mto, mwali, akisubiri kuolewa.

Sasa sikilizeni desturi yao. Kwa nungunungu, mwali hatoki kwa kuitwa. Hatoki kwa vigelegele, hatoki kwa zawadi. Mwali hutoka kwa zeze, na zeze sharti lipigwe na mtu wa damu yake. Mpigaji haruhusiwi kusema neno lisilo la wimbo mpaka mwali atoke. Na wimbo ukikatika katikati, basi. Mwali anarudi ndani, wageni wanarudi makwao, bwana harusi anakwenda kuoa kwingine.

Miaka yote mama ndiye aliyewatoa mabinti wa ukoo. Mama amekufa, na zeze hurithiwa na binti mkubwa. Kabaki nani wa kumtoa mdogo mtu? Nungunungu. Alijua kupiga? Hata kulishika hakujua.

Na kama hilo halikutosha, mvua ya kwanza ikaja ikabomoa shimo lake. Akatoka na zeze mgongoni, limenaswa kwenye miba, kwenda kutafuta pa kulala. Masika yenyewe yalikuwa bado, yanakuja.

Akatembea, akatembea, akafika kwenye shimo kubwa ambalo Muhanga alilichimba akaliacha, kama kawaida yake. Humo waliishi watatu: Ngiri, Nguchiro na Kobe.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mwanangu," akasema Ngiri. "Ingia. Sisi hatuna makuu. Tunataka amani tu."

"Na utulivu, shoga," akasema Nguchiro.

"Na usingizi," akasema Kobe, akalala.

"Na hilo mgongoni?" akauliza Ngiri.

Nungunungu akatazama mawingu. Akatazama ile nyumba kavu. "Kibuyu tu, mjomba."

Hakusema uongo. Zeze ni kibuyu, na kijiti, na uzi mmoja. Kijiti na uzi ndivyo alivyovisahau.

Nisisahau kuwaambia: Ngiri haingii nyumbani kwa uso. Huingia kinyumenyume, matako mbele, ili meno yake yabaki mlangoni yakitazama nje. Kila jioni hupiga hodi akiwa ameelekea porini, huku anarudi ndani bila kuona aendako. Ndivyo baba yake alivyoingia, na babu yake. Kumbukeni hilo.

Kulipokucha, Ngiri na Nguchiro wakaenda kutafuta chakula. Nungunungu akajikalia chumba cha ndani, akashika upinde wa kulipigia zeze, akaanza wimbo wa mama:

*Toka mwali, toka,*
*jua lakungoja,*
*toka mwali, to... kwaa!*

Akarudia. Kwaa! Akarudia tena. Kwaa! Kila akifika pale pale, kidole kinateleza na uzi unalia kama mtoto aliyeng'atwa na siafu.

Kobe akafungua jicho moja. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, babu. Ni mimi. Nimekusumbua?"

"Mimi? Hata! Unapiga vizuri sana," akasema Kobe. Kisha akajikokota mpaka nje, eti anapunga hewa. Usiku ule alilala huko huko akipunga hewa, na umande ukamlowesha.

Jioni Nguchiro akarudi anacheka, masikio ameyajaza sufi ya msufi. "Shoga! Tumekusikia toka bondeni! Una mkono mtamu wewe!"

"Asante. Sikukeri lakini?"

"Eee, na mimi nimeshakula," akajibu Nguchiro.

Ngiri naye akarudi. Kila kwaa lilipolia alisimama pale pale, mguu mmoja juu, akasaga meno. Lilipopita akaendelea kurudi nyuma mpaka mahali pake. Akasema, "Haidhuru, mwanangu. Haidhuru kabisa."

Aliyewahi kuishi na watu anaijua hiyo haidhuru.

Nungunungu hakupata usingizi. Alijikunja akahesabu mashaka yake. Wananichukia. Wasiponifukuza leo watanifukuza kesho. Nikipiga, nalala mvuani. Nisipopiga, mdogo wangu anazeekea ndani. Na kila alipowaza hivyo miba ikamsimama ikachakarika, chaka-chaka-chaka, akaogopa kwamba hata kuogopa kwake kunawaamsha wenzake.

Basi akafanya hila. Kwanza alijaza majani makavu ndani ya kibuyu ili sauti isitoke. Majani yakawasha koo la zeze, likatoa sauti ya mgonjwa wa pumu, mbaya kuliko ya awali. Akayatoa.

Pili alikwenda kupigia nyuma ya kichuguu. Kumbe huko kuna kanga, na kanga mnawajua. "Mama wee! Njooni msikie! Fisi anaumwa tumbo!" Akarudi mbio, zeze kwapani, uso umemshuka.

Tatu akaamua kupiga bila kupiga. Akaupitisha upinde hewani, juu ya uzi, bila kuugusa. Vidole vinacheza, zeze kimya. Alibana pumzi ili hata pua isisikike. Na kwa kuwa hakuna wa kumsikia, akahamia kwenye njia ya kuingilia, karibu na mlango, kwenye mwanga. Akapiga kimya leo, akapiga kimya kesho. Nyumba ikatulia tuli. Akajisifu: sasa hawana cha kulalamika.

Jioni moja yuko hapo njiani, upinde hewani, akasikia, "Hodi!"

Alikuwa Ngiri, uso porini, matako mlangoni.

Nungunungu akashtuka. Nikijibu ataniuliza nafanya nini njiani. Atajua bado napiga. Ngoja ninyamaze, apite.

Jamani, apitie wapi? Lakini mwenye hofu haulizi hayo.

"Hodi humu!"

Kimya. Miba ikamsimama yote, kila mmoja.

Ngiri akajiambia, hakuna mtu, Nungunungu katoka. Akaingia kwa kasi.

"Mama yangu weeee!"

Alitoka mle shimoni kama kokwa iliyotemwa. Akazunguka kichaka, akarudi, akazunguka tena. Matakoni amebeba miba kama pakacha la mishale. Nguchiro akaja mbio, Kobe akaja polepole. Nungunungu akatoka analia, zeze mkononi, hana tena pa kulificha.

"Nafungasha, mjomba. Naondoka sasa hivi."

"Nani kakufukuza?" Ngiri akanguruma. "Nani? Hebu nitoeni hii miba kwanza! Aii! Taratibu, Nguchiro, hilo ni tako, si kisiki!" Akavuta pumzi. "Mbona siku hizi hupigi? Nilikuwa nikisikia lile lidude lako linalia najua uko chumba cha ndani, naingia salama. Likanyamaza. Nikajua hupo."

"Lakini linakukera."

"Linanikera sana! Lile kwaa linaniingia kwenye shina la jino! Nani kakuambia halinikeri?"

"Wewe, mjomba. Ulisema haidhuru."

Ngiri akakwangua udongo kwa kwato.

Nguchiro, mwiba mdomoni, akatazama chini. Akachomoa sufi sikio la kulia, akachomoa na la kushoto. "Mimi sijawahi kukusikia vizuri hata siku moja," akasema. "Nilikusifu tu."

"Na mimi napigwa na umande kila siku," akasema Kobe. "Hewa yenyewe siipendi."

Wote wanne wakaona haya. Ndipo Nungunungu akasema lote: mama, mwali, wimbo usiokatika, na mwezi mwandamo unaokaribia, ndiyo siku ya harusi.

"Na hayo yote ukayaita kibuyu," akasema Ngiri.

"Mlisema mnataka amani."

"Tulisema amani, mwanangu. Hatukusema ujifiche njiani na mikuki."

Hapo wakapatana, safari hii kwa kinywa. Asubuhi ni ya Kobe, alale ndani, pakavu. Jioni ni ya zeze, na lipigwe chumba cha ndani na si kwingineko, wakati Ngiri anarudi. Nguchiro akae karibu, bila sufi, aseme penye kosa.

Na Nguchiro akasema kweli. Hakubembeleza. "Hapo! Kidole chako cha mwisho kinaogopa. Kabla hujafika pale umeshajikunyata. Bonyeza, shoga, uzi haung'ati." Kwaa likapungua. Likawa la mara moja moja. Ngiri naye akauzoea wimbo ule mpaka ukamwingia mwilini: ukianza tu, hata kama yuko mbali, anageuka, anaelekeza matako nyumbani, anaanza kurudi nyuma.

Mwezi ukaandama. Wakavuka mto wote wanne.

Mashangazi walikuwa wameshajipanga mbele ya shimo la mwali, midomo wameibenua. "Ndiye huyu?" akasema mmoja. "Mama yake alikuwa na mkono. Huyu ana vidole tu."

Miba ya Nungunungu ikaanza chaka-chaka. Akamtazama Nguchiro. Nguchiro akaonyesha masikio yake: matupu, bila sufi. Nungunungu akaanza.

*Toka mwali, toka,*
*jua lakungoja...*

Uzi ukalia safi. Mashangazi wakaacha kubenua midomo. Ndani ya shimo mwali akasikika akijongea, miba yake nayo imesimama, maana hata mwali anaogopa.

Ndipo Nungunungu alipoona jambo. Kati ya wageni, Ngiri alikuwa amegeuka. Macho ameyafumba nusu, raha mustarehe, matako yameelekea mlango wa mwali. Wimbo umeanza, Ngiri anarudi nyumbani.

Hatua moja nyuma. Hatua nyingine nyuma.

Nungunungu afanyeje? Akimwita, amesema neno, mwali hatoki tena. Akiacha kupiga, wimbo umekatika. Akiendelea, Ngiri anaingia kwenye miba ya bibi harusi mbele ya wakwe. Hatua nyingine. Imebaki shubiri.

*Toka mwali, to...*

Akakilegeza kidole cha mwisho kwa makusudi, akakokota upinde kwa nguvu zake zote:

*KWAA!*

Ngiri akasimama pale pale, mguu mmoja juu. Akasaga meno. Akafungua macho, akaona harusi. Akageuza shingo, akaona miba. Akasogea kando taratibu kama mtu aliyekuwa anatafuta kivuli. Wala upinde haukusimama:

*...ka mwali, toka,*
*jua lakungoja!*

Mwali akatoka, mzima, anang'aa. Vigelegele vikapasuka.

Yule shangazi akafuta machozi, akawageukia wenzake. "Mmelisikia lile kwaa? Ndivyo hasa mama yake alivyokuwa akilipiga. Vijana wa siku hizi hawalijui."

Marehemu hakuwahi kulipiga hata mara moja. Lakini shangazi ameshasema, na wenzake wameshatikisa vichwa. Mpaka leo, nungunungu akitoa mwali, lazima katikati ya wimbo aweke kwaa. Asiyeliweka wanasema hajafundwa.

Nungunungu akamwendea Ngiri. "Nisamehe, mjomba. Nimekuumiza jino."

"Haidhuru," akasema Ngiri. Kisha akajikamata. "Hapana. Limenidhuru, mpaka sasa jino linavuma. Lakini asante, mwanangu. Twende nyumbani, na wewe utangulie kuingia."

Basi, mafunzo ni haya: unayeishi na wenzako, sema unachohitaji, na ukikerwa, sema umekerwa, mapema na kwa jina lake. Kuficha na kusifu kwa uongo kunafanana na adabu, lakini siku moja mtu ataingia kinyumenyume akiamini hakuna kitu, na maumivu yatampata yeye.

Hadithi yangu imeingia shimoni, mlango nimeufunga. Palipokuwa patamu tugawane sote. Penye kwaa, hapo niachieni mwenyewe.