Moshi wa Nyumba ya Senkondo

Kisa hiki alikisimulia kwanza Bibi Nawesa binti Senkondo, mwaka ule nzige walipokula hata majani ya migomba, naye amekuwa mzee wa kuongozwa kwa mkono. Alikisimulia mchana, jikoni, huku akichambua maharage. Msikilizaji aliyekirudia vibaya aliambiwa aanze upya. Kwa hiyo hapa kimewekwa kama kilivyotoka kinywani mwake.

Haya, watoto, sogeeni. Mwenye masikio ayafungue, mwenye kikohozi akimalize, na mwenye usingizi alale sasa hivi, asije kesho kuuliza mwisho wake.

Hapo kale, kale ambayo hata wazee wa kale waliiita kale, palikuwa na kijiji katika milima ya Upare. Juu ya kijiji palikuwa na ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Kila mwaka, mvua zikikaribia, baragumu ililia, na hiyo ndiyo msaragambo: kila mwenye nguvu apande ndivani kuzoa tope. Hakuna aliyeuliza kama anataka. Baragumu haikuwa inauliza.

Sasa, watu wote wakipanda mlimani, nyumba zinabaki na nani? Ehe! Ndilo swali lenyewe. Zilibaki na wazee wasioweza tena kubeba tope. Asubuhi ya msaragambo kila mwenye nyumba alichukua kaa la moto kutoka jikoni mwake akampelekea mzee aliye jirani naye. Yule mzee alizunguka nyumba alizokabidhiwa akikoleza mioto. Moshi ukitoka paani, aliyeko ndivani anajua nyumba yake ina mtu. Moshi ukikosekana, watu wanateremka mbio. Na mgeni mwenye mkono mrefu akipita bondeni, anaona kila paa linafuka, anajisemea, "Kumbe hawa hawajaondoka," anaendelea na safari yake.

Katika kijiji hicho aliishi Senkondo, mtunza mbegu wa ukoo. Ulezi wote wa kupanda ulikuwa kwake, umefungwa katika vikapu, umewekwa darini juu ya jiko ili moshi uwafukuze wadudu. Mbegu zile zikipotea kabla ya mvua, ukoo mzima haupandi. Na ukoo usipopanda, watoto, mnajua kinachofuata. Hakikuhitaji kusimuliwa wakati huo na hakihitaji sasa.

Senkondo alikuwa mtu mwangalifu. Alikuwa mwangalifu mno. Siku moja kibuyu chake cha asali kilionekana hakipo. Senkondo hakumwuliza mke wake, Nakijwa. Hakuwauliza watoto. Alikaa kwenye kigoda, akafikiri, akapata jibu.

"Ni mama Namkunda," alisema.

Namkunda alikuwa mjane mzee wa nyumba ya pili, yule ambaye siku zote alipokea moto wa Senkondo.

"Baba watoto," mke wake akaanza, "kuhusu asali hiyo..."

"Usimtetee! Nani mwingine anaingia humu kama kwake?"

"Lakini asali hiyo..."

"Nimesema."

Mtu akisema amesema, mwenzake atasema nini?

Basi Senkondo akapanda minyaa kuzunguka nyumba. Mnaijua minyaa: ukiukata mti wake unatoa utomvu mweupe unaopofusha macho. Akaipanda imebanana. Minyaa ikakua, na Senkondo akafurahi. Ikamfika kiunoni, akafurahi. Ikamfika kidevuni, akafurahi. Ikapita paa la nyumba, hapo Senkondo akafurahi hata akaanza kuwahurumia wenye nyumba za wazi.

"Sasa," alisema, "hakuna jicho la mtu linaloingia kwangu."

Na kweli halikuingia. Wala lake halikutoka, lakini hilo hakulisema.

Kisha akaenda kwa mhunzi, akatengenezewa lango la mbao lenye komeo la siri. Kwa nje palikuwa na ubao mtupu. Chini ya ubao palikuwa na tundu. Uingize kidole, usukume juu, uvute kushoto, na ulimi wa komeo unaachia. Asiyejua angeweza kusimama pale mpaka aote mvi.

Kitu kizuri namna hiyo, watoto, kinamwasha mwenyewe asipokionyesha. Majirani hakuwaonyesha, maana ndio aliowaogopa. Lakini alipita mchuuzi wa chumvi aitwaye Kisaka, mtu mcheshi, mwenye viatu vya ngozi ya ng'ombe na sauti ya kubembeleza.

"Mzee Senkondo," alisema Kisaka, "nimetembea nchi hii yote, sijaona lango kama hili. Bila shaka ndani kuna hazina."

"Mbegu tu," alijibu Senkondo, kifua kimemjaa. "Mbegu za ukoo mzima."

"Na komeo liko wapi? Mimi silioni!"

"Ndiyo maana yake! Huwezi kuliona. Lete kidole chako."

Msicheke. Alimshika mkono mgeni, akakiongoza kidole cha mgeni huyo hadi tunduni. "Juu. Sasa kushoto. Umeona?"

"Ajabu!" alisema Kisaka. "Hebu tena?"

Wakarudia tena.

Haya. Mvua zikakaribia, baragumu ikalia. Senkondo akatazama kaa la moto jikoni. Akamfikiria Namkunda na kibuyu cha asali. Miaka ya kabla ya lango alimpelekea kaa kwa shingo upande; sasa lango alikuwa nalo. Akaliacha kaa pale pale. Badala yake akatia jikoni gogo bichi, lifuke pole pole, moshi uonekane kutoka mlimani. Alikuwa na akili, Senkondo. Tatizo lake halikuwa akili.

Akafunga lango, akapita mbele ya mlango wa Namkunda mikono mitupu.

"Umeamkaje, mwanangu?" aliuliza bibi yule.

"Salama, mama. Nina haraka."

"Naona. Una haraka hata umesahau kitu."

Senkondo akajifanya hakusikia.

Kule ndivani, mzee Mrindoko, msimamizi wa msaragambo, alisimama kwenye ukingo kama desturi ilivyotaka, akamwuliza kila mtu mbele ya wote, "Moto wako umemwachia nani?" Aliyedanganya katika jibu hilo alitozwa mbuzi, na jina lake likakaa midomoni mwa watu muda mrefu kuliko nyama ya mbuzi huyo.

"Senkondo! Moto wako umemwachia nani?"

"Mama Namkunda," alisema Senkondo, akiangalia vidole vya miguu yake.

Nakijwa alikuwa nyuma yake, Nawesa mchanga mgongoni. Akamtazama mumewe. Akainama kuchota tope.

Wakafanya kazi. Tope likapita mkono kwa mkono, nyimbo zikaenda na kurudi. Kila Senkondo alipoinua kikapu aliangalia bondeni, na kule, juu ya ukuta wa minyaa, moshi wake mwembamba ulipanda. Akatabasamu. Akainua kingine, akaangalia: moshi umekonda. Akainua kingine: moshi umebaki uzi. Akainua kingine, akaangalia, na moshi haupo. Gogo limekufa.

Jasho likamtoka ambalo si la kazi. Mrindoko akigeuza shingo tu, ataona paa moja halifuki. Senkondo akaanza kuimba kwa nguvu, akarusha tope juu, akamchekesha mzee Mrindoko kwa hadithi ya jongoo ambayo haikuwa na mwisho.

Mara Mrindoko akageuka.

"Aisee, Senkondo!"

"Naam, mzee?"

"Moshi wako leo unapendeza!"

Senkondo akageuka. Moshi mnene, mweupe, ulikuwa umesimama juu ya paa lake kama mtu aliyenyooka. Huo haukuwa moshi wa gogo. Huo ulikuwa moshi wa kuni kavu zilizopangwa na mkono wa mtu.

"Namkunda bado ana nguvu," alisema mwingine. "Tazama anavyokoleza!"

"Huyo ni jirani," alisema mwingine. "Sisi wetu anatupa kimoshi cha kiko."

Wote wakamsifu. Senkondo na mkewe tu, kati ya watu wote waliokuwa mlimani, walijua kwamba nyumba ile haina mtu. Na ndani yake kuna mtu.

Nakijwa akasogea karibu. "Baba Nawesa, nani anapika kwetu?"

"Shh! Labda gogo limeshika tena."

"Gogo limejichanja kuni?"

"Punguza sauti, watu watasikia."

"Wasikie nini? Zile mbegu ziko juu ya jiko hilo."

Senkondo akainua kikapu, akakiweka chini. Akakiinua tena. Akisema, mbuzi wake amekwenda, na jina lake pia. Asiposema, ulezi unatoka. Mnafikiri alisema mara moja? Alifikiria kwanza kwamba pengine mwizi ana haya. Akafikiria kwamba pengine komeo limemzuia. Hapo ndipo alipokikumbuka kidole cha Kisaka: juu, kushoto, hebu tena.

"Nimedanganya!" akapiga ukelele.

Nyimbo zikakatika.

"Umedanganya nini?" aliuliza Mrindoko.

"Mwizi! Kwangu! Sikumwachia mtu moto! Mbegu! Mbegu!"

Hapo hawakuuliza tena. Mlima wote uliteremka, vikapu vikabingirika, watu wa tope tupu wakikimbia kama udongo ulioota miguu.

Walipofika, nje ya lango ulikuwa umelala mzigo wa chumvi, umeachwa. Lango lilikuwa wazi. Komeo lilikuwa zima, halijavunjwa hata kidogo. Limefunguliwa kwa adabu, kama lilivyofundishwa. Senkondo akashika kichwa. "Tumekwisha," alisema, akaingia akijikokota.

Jikoni alikaa Namkunda. Alikuwa anakoroga uji.

"Karibuni," alisema. "Lakini tope lote hilo mnamletea nani ndani?"

Senkondo akatazama darini. Vikapu vilikuwepo, vimepangwa kama alivyoviacha.

"Mama," alisema kwa shida, "umepitaje? Lango..."

"Lango gani? Mimi napita nyuma. Kuku wangu walitoboa minyaa yako ilipokuwa bado michanga, nami nikapanua kidogo. Napita pale tangu siku hiyo."

"Lakini sikukupa moto."

"Nilikuona ukipita mikono mitupu. Kisha nikaona moshi wako unakufa. Ningefanyaje? Moto huu sikukukolezea wewe, mwanangu. Mbegu ni zetu."

Mrindoko akauliza habari za chumvi iliyoko nje, na Namkunda akaeleza bila kuacha mwiko.

"Nilikuwa hapa napuliza moto, moshi haujapanda bado, nikasikia lango linafunguka. Nikadhani ni mwenye nyumba amerudi. Nikachungulia, nikaona viatu vya ngozi. Hapa kwetu nani ana viatu vya ngozi? Nikapaza sauti: 'Senkondo! Ukimaliza kunoa shoka mpe Mrindoko naye anoe lake!' Viatu vikasimama. Nikasema tena: 'Na nyie vijana huko nyuma ya banda, acheni kucheka, mje mle!' Ndipo mtu akasema kwa sauti ndogo, 'Hodi, nimekuja kuuliza kama mnahitaji chumvi.' Nikamjibu, 'Tunahitaji sana, baba, ingia, wanaume wote wako hapa.' Sijui kwa nini hakuingia."

Watu wakacheka hadi tope likawapasukia usoni. Senkondo hakucheka. Alimtazama yule bibi, kisha akasema kilichokuwa kimemkaa moyoni miaka yote ya minyaa.

"Mama, nisamehe. Nilidhani wewe ndiye uliyechukua asali yangu."

"Asali?" Nakijwa akadakia. "Asali ile ulimpa Kisaka wewe mwenyewe, siku ulipolewa kwenye harusi ya mdogo wangu. Ulimwambia aonje, akaonja, ukamwambia achukue na kibuyu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza. Ukasema umesema."

Mzee Mrindoko akatoa hukumu palepale. Senkondo atoe mbuzi kwa uongo wa ndivani. Minyaa ikatwe ibaki kimo cha kifua, mpita njia aone uani na aliye uani amwone mpita njia. Tundu la Namkunda lisizibwe. Jioni mbuzi akachinjwa, akaliwa na kijiji kizima, kwa chumvi ya Kisaka. Wazee walisema hawajapata kula nyama iliyokolea vile. Komeo la siri Senkondo alilihamishia kwenye banda la kuku, na kila mtoto kijijini alijua kulifungua.

Mvua ziliponyesha, ukoo ulipanda.

Basi, watoto, mwizi haogopi ukuta. Ukuta humficha yeye pia. Anachoogopa ni mtu anayemwona na kuuliza anakwenda wapi. Mkisafiri, mwambieni jirani. Jirani akisafiri, mwangalizieni nyumba yake hata kama mmenuniana. Mgeni akilisifu komeo lako, mshukuru, na kidole chake kiache mkononi mwake. Na kitu kikipotea nyumbani, kabla hamjamtaja jirani, waulizeni waliomo ndani, kisha mnyamaze wamalize kujibu.

Moto umepungua, uji umeiva, na maneno yamerudi yalikotoka. Aliyesikia na akabebe.

Kwa kumbukumbu: Namkunda alifariki kwanza, akazikwa upande wa nyuma, karibu na njia yake. Mzee Mrindoko akafuata. Senkondo alifariki uzeeni, Nakijwa baada yake, na wote wawili walikubaliana mpaka mwisho kwamba habari ya asali isizungumzwe. Nawesa, aliyekuwa mgongoni, alifariki mwaka uliofuata ule wa nzige. Kisaka hajulikani, hakurudi kuulizia chumvi yake. Katika wote waliohusika, walio hai ni wawili tu: minyaa, ambayo bado inakatwa kimo cha kifua, na ulezi ule, ambao umepandwa kila mvua tangu hapo, na ndio uji mlioukataa asubuhi.