Kikomo Alichokiweka Kabla ya Matanga

Ilikuwa Alhamisi, tarehe tisa Juni, saa nne kasorobo asubuhi, dada mmoja, fundi wa kompyuta wa hospitali, alipofiwa na mdogo wake. Mdogo huyo alihitaji damu. Watu wa kundi lake la damu walikuwamo mjini humohumo, ila majina yao yalikuwa daftarini, daftari kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa ameenda kunywa chai.

Mwaka uliofuata, wapendwa, dada huyu akaomba mwenyewe ile kazi: kuweka majina ya wachangia damu kwenye seva, ili wodi zote ziyasome kwa wakati mmoja. Hakutafuta sifa. Alikuwa na ugomvi na lile kabati.

Akaanza kusimika hifadhidata. Ikagoma. Kioo kikamwandikia: memori ya pamoja inayoombwa imezidi kikomo. Maana yake, wodi zote zilipaswa kuchota sehemu moja, kama familia inavyokula sinia moja, na mashine ilikataa kutoa sinia kubwa.

Msimamizi wake, mzee mpole, akasema, "Binti yangu, usishindane na mashine. Ipunguzie mzigo. Wodi moja isome, nyingine zisubiri zamu."

"Zisubiri? Mdogo wangu alisubiri, mzee."

Mzee akainamisha kichwa. "Basi labda mashine yenyewe ni ndogo."

"Ndogo! Si tumeiongezea memori Januari? Imeshiba mpaka imevimba. Kuna mtu tu aliyeiambia isigawe zaidi ya kijiko. Nikimpata huyo, atanieleza kama anajua maana ya mgonjwa!"

Akafungua faili la mipangilio, akashuka nalo mstari kwa mstari. Kikomo akakiona. Juu yake, fundi aliyekiweka aliacha maelezo, kama mafundi wafanyavyo: "Kwa muda tu, mashine isielemewe. Nikirudi kutoka matangani nitakiondoa." Tarehe kumi Juni. Na jina la dada huyu mwenyewe.

"Umempata?" mzee akauliza.

"Nimempata."

Mnadhani alifunga kompyuta akaenda kulia? Alilia, ndiyo, lakini alilia huku anaandika. Akaifuta ile namba, akaweka kubwa, akaiamuru mashine isome upya. Seva ikawaka. Wodi zote zikasoma.

Ndugu zangu, mashine haikupungukiwa kitu. Je, sisi? Siku ya msiba tulijiwekea kikomo: sitapenda tena hivi, sitafungua tena mlango wangu, sitaimba tena. Tukasema ni kwa muda. Matanga yakaisha, mikeka ikakunjwa, kikomo kikabaki. Halafu tunamsingizia Mungu, eti ndiye aliyetupunguza! Mimi nakataa. Nina kaburi ambalo udongo wake haujakauka, na bado nakataa. Kifo kimemchukua tuliyempenda. Nani amekiruhusu kipime na upendo uliobaki? Fungua moyo wako, ushuke nao mstari kwa mstari. Ukikuta jina lililoandikwa pale ni lako, lia. Kisha kifute kikomo hicho, leo hii, kabla hujatoka mlango ule.

Tusimame tuombe. Ee Bwana, mpokee yule aliyengoja damu isifike. Mpokee mke wangu, na wote tuliowazika tukiwa bado tunawahitaji. Wape makao kwako, mahali ambapo hakuna anayeambiwa asubiri zamu. Amina.