Nyota Mbili za Mlima Kipara

Ulikuwa mwaka wa ukame ambao hata kupe walikonda. Mto ulibaki mchanga mtupu, nyasi zilikatika zenyewe kabla ya kuguswa, na wanyama wa bondeni walianza kutazamana kwa macho ambayo hayakuwa ya ujirani mwema. Kila jioni watoto waliuliza watakula nini, na kila jioni wazazi waliwaambia walale upesi ili kesho ifike.

Lakini tamasha ni tamasha. Kila mwisho wa kiangazi familia zote zilipanda Mlima Kipara, watoto mgongoni na mikeka kichwani, kwenda kutazama nyota. Mlima uliitwa hivyo kwa sababu kileleni hapakuwa na mti hata mmoja, ingawa jina hilo halikutajwa mbele ya Mzee Simba, ambaye manyoya yake ya shingoni yalikuwa yameanza kupukutika. Huko juu walilala chali, wakadanganyana majina ya nyota, wakasubiri Kilimia kichomoze. Kilimia ni kile kifungu cha nyota ndogo zilizobanana. Kikionekana mashariki giza linapoingia, wote walijua mvua haiko mbali, wakaanza kutayarisha mashamba. Aliyekiona wa kwanza alipiga kelele, akapewa upawa wa kwanza wa makande, kisha wote wakala.

Mwaka huo makande yenyewe ndiyo yaliyokuwa tamasha. Kila nyumba ilileta mahindi au kunde ilizobakiza, ikamimina kwenye sufuria moja kubwa. Bi Ngiri, mama wa watoto wanne wasiojua kunyamaza, alileta kunde zake za mwisho. Alizichambua, akazipepeta, akazitazama kidogo kama mtu anayeaga, akazimwaga sufuriani. Nyumbani hakubakisha hata punje. Watoto wake walikuwa hawajala tangu jana yake, na usiku huo hawakuwa na tegemeo jingine.

Sasa, sijui ni nani aliyempendekeza Fisi awe mwenyekiti wa kamati ya chakula. Nimeuliza sana, na kila ninayemuuliza anamtaja jirani yake. Fisi mwenyewe anasema alilazimishwa.

Jua lilipozama, mwenyekiti alipanda juu ya jiwe, akajikohoza.

"Ndugu zangu," alisema, "Kilimia kina hasira na sisi. Mwaka jana wengine walipiga soga, wengine walitazama miguu yao, ndiyo maana mvua ikatususa. Mwaka huu tuna kanuni. Moto upunguzwe yabaki makaa tu. Wote mlale chali, macho juu. Atakayetazama chini kabla Kilimia hakijatoka, yeye na nyumba yake hawali!"

"Na wewe utalala wapi?" aliuliza Sungura, ambaye kwa kukosa chakula alikuwa akitafuna kijiti.

"Mimi nitasimamia."

"Utasimamia nini?"

"Utaratibu," alisema Fisi, huku akilamba midomo.

"Mwenyekiti amesema vizuri sana," alidakia Mzee Simba, ambaye hakuwa amesikia neno. Yeye alikuwa mgeni rasmi, kama mwaka jana na mwaka juzi, na alikuwa akiipitia hotuba yake kichwani.

Bi Ngiri aliinua mkono. "Bwana mwenyekiti, mimi shingo yangu haikunjuki. Tangu nizaliwe sijawahi kutazama juu. Na nikilala chali pumzi inakata."

"Basi huli," alisema Fisi.

"Na wanangu?"

"Nimesema yeye na nyumba yake. Au nirudie kwa kilugha? Kaa kule nyuma, karibu na jiko, usitutie nuksi. Wewe huoni kitu zaidi ya udongo."

Watoto wanne wa Bi Ngiri walianza kulia wote kwa pamoja. Mama yao alikwenda kukaa alipoambiwa, na kunde zake zilikuwa zikinukia hatua chache tu kutoka puani mwake. Wanyama wengine walimwonea huruma sana. Walimwonea huruma wakiwa wamelala chali, macho juu, kama kanuni ilivyotaka.

Sungura si mwema kiasi cha kusimuliwa. Amewahi kumuuzia Kobe viatu. Lakini kilio cha wale watoto kilimkera, na tena hakuna kitu anachokipenda kama kumwona Fisi akiumbuka. Aliteleza kwa tumbo hadi penye mkeka wa mgeni rasmi, akaiba beseni la maji ya kunawa, ambayo kwa ukame ule yalikuwa maji pekee mlimani, akarudi nalo kwa Bi Ngiri.

"Shangazi, piga magoti."

"Nimpigie magoti nani?"

"Beseni."

Bi Ngiri alikunja miguu ya mbele, kama wafanyavyo ngiri wakiwa malishoni, akainamisha pua karibu na maji. Ndani ya beseni zilijaa nyota, kubwa na ndogo, nyingine zikitetemeka kila alipopumua. Watoto wake nao walisukumana pembeni mwa beseni, wakaacha kulia.

"Ndivyo zilivyo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndivyo zilivyo."

"Nyingi hivi! Na miaka yote hii mmekuwa mkizitazama, wala hakuna aliyeniambia?"

Sungura ana jibu la kila kitu. Safari hii alijikuna sikio, akatazama pembeni.

Kule mbele mgeni rasmi alikuwa ameanza hotuba. "Itifaki imezingatiwa," alinguruma, kisha akaanza kuwataja babu zake mmoja mmoja. Watoto wa Swala walisinzia. Kobe, aliyegeuzwa chali na majirani ili atii kanuni, alikuwa akijiuliza nani atakuja kumgeuza tena. Macho yote yalikuwa juu.

"Sungura, baba," Bi Ngiri alinong'ona, "hizi nyota mbili za njano zinaitwaje?"

"Zipi?"

"Hizi za chini, upande wa mashariki. Zinashuka, zinapotea, zinapanda tena. Nyota nyingine hazifanyi hivyo."

Sungura alichungulia majini, akainua jicho moja taratibu. Ng'ambo ya beseni lilikuwa jiko, na juu ya jiko ilikuwa sufuria. Nyota mbili za njano zilikuwa juu ya sufuria, ziking'aa kwa mwanga wa makaa. Zilishuka, zikasikika zikimeza, zikapanda.

"Mwizi huyo!" Bi Ngiri alitaka kuinuka. "Kunde zangu hizo! Napiga kelele!"

"Ukipiga kelele ataushika upawa na kusema anakoroga. Mwenyekiti haibi, shangazi, anakoroga. Wewe endelea kutazama, usiondoe macho mashariki."

Sungura alitambaa mpaka kwenye sikio la Mzee Simba, aliyekuwa amefika kwa babu wa saba.

"Mheshimiwa, samahani. Kuna nyota mbili mpya zimetokea. Hazina jina."

Hotuba ilikatika. Haijawahi kutokea. Kule jikoni Fisi alidhani mgeni rasmi anameza mate, akatumia nafasi hiyo kuzamisha kichwa chote sufuriani.

"Mpya?" Simba alinong'ona. "Za rangi gani?"

"Njano, Mheshimiwa. Kama manyoya yako kabla ya..."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya vumbi la safari. Tatizo ni moja: zinaonekana majini tu, na zikisikia kelele zinakimbia."

Simba alisimama na kuwaashiria wanyama wote. Kanuni ya Fisi ilikuwa kali, lakini mkono wa Simba una kucha. Familia zote zilinyanyuka kimyakimya, zikanyata hadi kwenye beseni, zikapiga magoti kulizunguka. Kobe alibebwa. Fisi hakusikia chochote, kwa kuwa aliyeingiza kichwa ndani ya sufuria husikia kutafuna kwake tu.

Baada ya muda kidogo kichwa kilitoka ili kipumue, na majini nyota mbili zikawaka.

"Naam," alisema Mzee Simba kwa sauti ya chini, kifua kimemjaa. "Kuanzia leo nyota hizi zitaitwa Simba. Zitazameni. Zimetulia. Zina heshima."

Nyota zilishuka ghafla.

"Mbona zinainama?" aliuliza Swala.

"Zinanisalimia."

"Na mbona zinatafuna?" aliuliza mtoto mdogo wa Bi Ngiri.

Mgeni rasmi alifungua mdomo atoe maelezo, lakini kabla hajayapata, nyota zilipanda tena na kupiga mbweu mrefu, wa mtu aliyeshiba kunde. Sungura hakungoja. Alitupa tita la nyasi kavu juu ya makaa.

Moto uliruka. Na hapo akaonekana mwenyekiti wa kamati ya chakula, amekumbatia sufuria kwa mikono yote miwili, kunde zimemganda kwenye sharubu, tumbo limemtuna mpaka magotini.

"Nilikuwa naonja chumvi," alisema Fisi.

"Kwa masikio?" aliuliza Sungura, kwa sababu mahindi yalikuwa yamefika hadi huko.

Wanyama walimtazama Fisi. Kisha, polepole, walimtazama Simba, ambaye dakika hiyohiyo alikuwa amelitoa jina lake kwa macho ya mwizi mbele ya familia zote na watoto wao. Kobe, ambaye katika maisha yake amechelewa kila kitu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka. Baada yake mlima mzima ulicheka, hata watoto waliokuwa hawajaelewa. Mgeni rasmi alianza kuchunguza kucha zake kwa makini.

"Kanuni!" Fisi alipiga kelele, akijifuta sharubu. "Nani amewaruhusu kutazama chini? Wote mmevunja kanuni! Na huyu mama ndiye wa kwanza. Nilisema macho juu! Sikusema?"

Bi Ngiri alikuwa bado amepiga magoti. "Ulisema, mwenyekiti. Lakini shingo yangu haifiki huko. Ndiyo maana nikakuona wewe."

Fisi alishikwa na kwikwi.

"Na mkimaliza kugombana," Bi Ngiri aliendelea, pua yake ikiwa karibu na maji, "Kilimia kimetoka."

Wote waligeuka. Mashariki, juu kidogo ya upeo, kile kifungu cha nyota ndogo kilikuwa kimechomoza wakati wao wakimcheka Fisi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekiona, isipokuwa yule aliyeambiwa haoni kitu zaidi ya udongo.

Walichungulia sufuria. Yalibaki makande kiasi cha robo, na ukoko. Hakuna aliyebishana: upawa wa kwanza ulikuwa wa Bi Ngiri. Aliuchukua, akawagawia wanawe wanne, akawatazama wakila mpaka wakalamba vidole. Yaliyosalia walipewa watoto wa nyumba nyingine. Wazazi walilala na njaa usiku ule, nami sitasema kwamba walifurahi. Walikuwa na hasira, nazo zilitafuta mahali pa kwenda.

"Kanuni ni kanuni," alisema Sungura. "Mwenyekiti alale chali, macho juu."

Fisi alilazwa chali, na tumbo lile. Makande yaliyoliwa nusu mbichi yalianza kuvimba ndani yake. Kila alipojaribu kugeuka, watoto wanne wa Bi Ngiri, waliokuwa wameshiba na kupata nguvu, walipiga kelele sikioni mwake, "Juu!" Hivyo hadi alfajiri. Inasemekana hajawahi mnyama yeyote kuzitazama nyota kwa muda mrefu namna ile, wala kuzichukia kiasi kile. Na mvua iliponyesha, aliteuliwa tena: safari hii kulima shamba la Bi Ngiri, jembe mkononi, macho chini.

Siku hizi tamasha likikaribia, kinachotangulia kupanda Mlima Kipara ni beseni, halafu Bi Ngiri, halafu wengine. Hotuba imefutwa kwa ombi la mgeni rasmi mwenyewe. Lakini jina likishatolewa halirudishwi. Kwa hiyo usiku ukiona nje ya zizi lako nyota mbili za njano zinatembea chinichini, zisalimie kwa heshima, ziite Mheshimiwa Simba, kisha ingiza mbuzi ndani ufunge mlango.