Aproni ya Marijani

Alikuwepo fundi wa kuchomelea, Chiduo, ambaye cheche zake ziliwasha sigara za watu mtaa wa pili. Aproni yake ilitoboka, tumbo likawa linaungua. Tajiri Marijani akamletea karakanani mpya ya kumuuzia.

"Ngozi tupu ya ng'ombe, fundi! Haiungui hata jehanamu."

"Nzuri, bosi. Hebu ivae wewe niione, vitambi vyetu pacha."

Marijani akaivaa, akajishaua. Chiduo akamfunga kamba mgongoni, fundo la kufungia fahali.

"Imekukaa! Simama hapo hapo."

Akavaa miwani, akawasha mashine.

"Fundi, unafanya nini?"

"Naijaribu ngozi kwa cheche kidogo."

"Usithubutu! Hii plastiki! Ya ngozi iko kwenye gari, chukua kwa bei hiyo hiyo!"

"Kailete, bosi. Nayo utaivaa wewe kwanza."